Dakika Tatu za Kashaija

Mwaka 1950 Mzungu mmoja alifika Muleba na gari lililojaa mitambo, akitaka kurekodi muziki wa Wahaya. Mkalimani wake, mwalimu Ildefons, alimpelekea habari mzee Kashaija wa Kagondo, mpiga enanga aliyevuma kuliko wote upande ule.

Kashaija alikwenda na binti yake Verdiana, aliyembebea enanga kichwani: kipande cha mti kilichochongwa kama sinia refu, chenye nyuzi nane. Tangu mkewe afariki mzee alikuwa hajaigusa, na mwaka ulikuwa umekwisha. Verdiana ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali.

"Wimbo wako una urefu gani?" Mzungu aliuliza kupitia kwa mwalimu.

"Nikianza baada ya chakula cha mchana, namaliza jua linapozama."

Mwalimu alisita kabla ya kutafsiri. Santuri moja ilibeba dakika tatu tu. Kashaija aliposikia hivyo, akaanza kuifunga enanga yake kwenye mkeka.

"Waitu mwalimu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya, "dakika tatu shujaa wa wimbo wangu hata kwao hajatoka!"

Kumzuia asiondoke, Mzungu akawachezea santuri za mbali. Kwanza magitaa ya Kongo, na watu waliokusanyika wakatikisa mabega. Kisha wanamuziki wa Kuba, kisiwa cha ng'ambo ya mbali: tarumbeta, vijiti vikigongwa, na mwanamume akiimba kwa sauti ya kuvuta.

"Anasema nini huyu?" Kashaija aliuliza.

"Sijui, waitu. Hata Mzungu mwenyewe hajui."

"Arudie."

Alimsikiliza mara tatu, ameinamisha kichwa. "Kaachwa na mtu," alisema mwishowe. "Naye alipewa dakika tatu?"

"Hizo hizo."

Kashaija akaufungua mkeka. Akamgeukia bintiye. "Mama yako alipenda nirudie wapi?"

"Pale mama wa shujaa anapomfungia mwanawe ndizi za safari kwenye jani, tata. Anajua hatarudi, lakini hamwambii."

Akaanza kupiga. Mwanzoni vidole vilikuwa vizito, akakosea uzi mmoja, akaendelea. Ilipofika sehemu ya kuitikia, ambayo mkewe ndiye aliyekuwa akiitikia nyumbani, akasita. Verdiana, bila kuombwa, akaitikia. Hakuwahi kufanya hivyo mbele za watu. Waliimba mpaka Mzungu alipoinua mkono.

Santuri ilipochezwa, Kashaija alishtuka, akamshika mwalimu mkono. "Huyo ni mama Verdiana!"

"Ni mimi, tata," Verdiana alisema taratibu.

Mzee alitazama mtambo, akamtazama binti yake, akajifuta macho kwa pindo la kanzu. Mzungu alitaka kujua kama kuna kosa. Mwalimu Ildefons akatikisa kichwa tu, hakutafsiri.

Walirudi Kagondo kwenye lori lililobeba kahawa. Njiani Kashaija alimfundisha Verdiana beti ambazo mama yake hakuwahi kujifunza. Miezi miwili baadaye waliitwa harusini Nshambya, wakaketi mkeka mmoja. Wazee wawili wakanung'unika kwamba enanga ni jambo la wanaume.

"Basi tafuteni mwingine," Kashaija aliwajibu, akianza kukusanya vitu vyake.

Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeinuka kuwazuia baba na binti wasiondoke. Wazee wale walisikiliza hadi mwisho, ingawa mmoja wao hakumsalimia Kashaija tena maishani.