Mifuko ya Koti la Melini

Lori la askari lilipita tena barabara ya Ruiru asubuhi ile, limejaa watu waliochuchumaa mikono kichwani. Ephantus hakuinua macho. Alikuwa akilipiga pasi koti jeusi la Bwana, lile la kola ya hariri. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtumishi katika nyumba ile ya shamba la kahawa, na leo Bwana na Memsahibu walikuwa wanarudi kwao Uingereza kwa meli.

"Melini tutakula kwa mavazi rasmi usiku mmoja tu," Memsahibu alimwambia, akilikunja gauni lake la kijani. "Karamu ya nahodha ni Jumamosi. Shona midomo ya mifuko yote ya koti, lisije likapoteza umbo sandukuni."

"Ndiyo, Memsahibu."

Kilichomkaa Ephantus rohoni ni barua. Tangu itangazwe hali ya hatari, Mkikuyu asiye na barua ya mwajiri alizolewa kama takataka. Jana jioni, Bwana akienda kuagana na rafiki zake katika hoteli ya maporomoko ya Chania, alimwambia, "Nimekuandikia. Mwenye shamba mpya ataitia sahihi huko mezani. Utaipata kesho."

Sindano ilipoingia kwenye mfuko wa ndani, kitu kikachakarika.

"Mzee, humo mna karatasi," akasema Wamalwa, mpishi Mluhya, aliyeegemea mlango. "Chungulia!"

"Mfuko si wangu."

"Hautakuuma."

"Miaka kumi na tisa sijatia mkono mfukoni mwa mtu. Nianze leo?"

"Basi mwulize Memsahibu."

"Nimwambie nimepapasa koti la mumewe?"

"Haya, shona, Baba Askofu," Wamalwa akacheka.

Akashona, mishono midogo, imara, ya kujivunia.

Alasiri, katika stesheni ya Ruiru, masanduku yalikwisha kufungiwa kwenye behewa la mizigo. Ephantus alivua kofia chini ya dirisha la Bwana.

"Bwana, barua yangu."

"Naam, naam." Bwana akapapasa kifua, kisha kiuno, kisha kifua tena. Uso ukamwiva. "Koti la jana! Imo katika lile koti jeusi!"

Filimbi ikalia.

"Nitaituma kwa posta, Ephantus! Nikifungua sanduku!"

Treni ikaondoka. Ephantus na Wamalwa walirudi kwa miguu. Kwenye njia panda lori lilikuwa limesimama, nyuma wazi. Askari alitazama karatasi za Wamalwa, akamsogeza kando, kisha akamnyoshea Ephantus kiganja.

"Barua?"

"Iko safarini, afande."

"Nawe pia. Panda!"

"Mzee!" Wamalwa akaita.

Ephantus alichuchumaa, mikono kichwani, shati lake likiwa bado limenyooka. Leo ilikuwa Jumanne. Hadi Jumamosi hakuna atakayeligusa koti lile, na hata hapo, Bwana atavaa na kukaa mezani mifuko ikiwa imefungwa. Mshono ule aliujua. Usingefumuka wenyewe.