Benchi la Ukuta wa Mashariki

Afisa mipango alikuwa na ugonjwa wa watu wenye bidii: akishika jambo, haliachii. Alipopewa kazi ya kupanga matumizi ya ardhi ya eneo lote la milimani, alipanda kila mteremko kwa miguu yake, mvua ikinyesha na isiponyesha. Kisha akarudi ofisini, kwenye chumba chao kinachovuja, akapaka ramani rangi tatu. Kijani ni msitu, manjano ni mashamba, nyekundu ni mteremko mkali usiofaa mtu kuishi, na wakazi wake wahamie bondeni. Nyumba ya baba yake mzazi iliangukia kwenye nyekundu.

Wenzake walimkonyeza. Akisogeza mstari kidogo tu, nani angejua? Yeye akakaza uzi. Mkuu wake akamsifu mbele ya watu, na tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo.

Baba yake alikuwa fundi mwashi mstaafu, kifua chake kimeharibiwa na vumbi la saruji. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, na nje, kwenye ukuta wa mashariki, akajenga benchi la mawe la kuotea jua kila asubuhi.

"Huko bondeni unakonipeleka, Afisa," alimwambia bintiye, "jua lenyewe linachelewa kuamka kuliko mimi mzee."

"Baba, jua si hoja. Hoja ni mlima usije ukakufunika umelala."

"Mlima huu nimeishi nao miaka mingi kuliko niliyoishi na mama yako. Na haujaninunia hata siku moja."

Wakacheka. Mzee akahama shingo upande, yeye na mwanawe wa kiume aliyekuwa akimtunza, kwa sababu alimpenda binti yule kupita kiasi na hakutaka aaibike kazini.

Msimu wa baridi ukaingia. Milimani, usiku, hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni kama maji kwenye sufuria, na ukungu hauondoki mpaka jua likaribie utosini. Afisa alilijua hilo vizuri mno. Aliliandika mwenyewe kwenye ripoti, katika sura ya hali ya hewa, akaonya kwamba viazi vya bondeni vitaungua kwa baridi. Viazi aliviwaza, jamani. Kifua cha baba yake hakikumjia akilini.

Kaka yake alipompigia simu, alifika mbio na mablanketi, dawa na jiko la mkaa. Kuta za nyumba mpya zilikuwa zikitoa jasho. Shuka zilikuwa na unyevu, na mzee alikohoa mpaka akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Nipelekeni juu nikaote jua," akaomba. "Asubuhi tu. Mchana mnirudishe."

Kaka alikwisha kuchukua ufunguo wa pikipiki.

"Haiwezekani," Afisa akasema. "Watu wakimwona baba yangu kule, kesho wote watarudi. Vumilia, Baba. Baridi inakaribia kwisha."

Mzee akavuta blanketi hadi kidevuni. "Haya, Afisa. Wewe ndiye mwenye mlima."

Safari hii hakuwa akitania. Na baridi ilikwisha kweli, ila mzee alitangulia kwisha.

Mvua kubwa zikaja, zikapita. Siku moja kaka akasema, bila kumtazama usoni, kwamba mwiko wa uashi wa baba ulisahaulika nyumba ya juu. "Kauchukue wewe."

Alipanda asubuhi ndani ya ukungu, haoni hata miguu yake. Karibu na nyumba, ukungu ukaishia chini yake, na jua likampiga usoni. Nyumba ilikuwa imesimama vilevile. Akaizunguka akiipapasa kwa kiganja, akitafuta ufa, hata mwembamba kama unywele. Ufa hakuupata; mwiko aliukuta ndani.

Alijua kwamba rangi yake ilikuwa sahihi. Mteremko ule ungeporomoka tu, mwaka huu au wakati wajukuu wamezeeka. Lakini elimu yote hiyo haikumsaidia kitu pale. Aliketi kwenye benchi, mwiko mapajani, akalia kwa kwikwi.

"Anguka," akauambia mlima. "Anguka basi, hata na mimi nikiwa hapa."

Hakuna hata kijiwe kilichoporomoka. Mawe ya benchi yalikuwa yameshapata joto.