Merikebu Iliyokwenda Kumtafuta Lopo Tenreiro

Briolanja alikuwa na vitambaa vitatu vya sakafu, vya kitani kilichochakaa, na kila adhuhuri kengele ya kanisa la Vila do Conde ilipolia alivitandaza kutoka mlangoni mpaka kwenye benchi la jikoni. Kisha alipakua supu ya kabichi bakuli tatu: yake, ya binti yake Grácia, na ya mumewe Lopo Tenreiro, nahodha, aliyekuwa amezama miaka saba nyuma katika bahari ya barafu huko kaskazini, akimtafutia mfalme nchi mpya.

Lopo aliingia akichuruzika. Maji yalimtoka kwenye mikono ya koti, viatuni na ndevuni, na siku za baridi kali alidondosha vipande vya barafu vikubwa kama mayai ya bata.

"Miguu juu ya kitambaa, Lopo. Kila siku nakwambia."

"Nchi ile ina misonobari," alisema Lopo. "Imeshuka mpaka majini."

"Na mimi nina sakafu ya mbao, inaoza."

Kosa lilikuwa la Briolanja mwenyewe, wala hakulikana. Pale mjini mtu akizama huokwa mkate, ukachomekwa mshumaa katikati na kusukumwa mtoni. Unaposimama, ndipo maiti ilipo. Kila mwanamke anajua kwamba mkate huo husukumwa maji yakijaa, usije ukatoka nje ya mto. Briolanja, kwa haraka zake, aliusukuma maji yakipwa. Mkate ulikwenda zake baharini, na siku ya arobaini ukarudi, mshumaa bado unawaka, Lopo akitembea nyuma yake. Jirani yake Mécia, aliyekuwa akipita na kikapu cha dagaa, alisema tu, "Shoga, ulisukuma maji yakipwa, eh? Haya, sasa mpanguse."

Sakafu ilikuwa tabu ndogo. Tabu kubwa ilikuwa Lisbon, ambako jina la Lopo lilikuwa bado kwenye orodha ya walio safarini, kwa kuwa hakuna aliyemwona akifa. Na aliye safarini asiporudi hutafutwa. Kipupwe kile merikebu ya kumtafuta ilikuwa ikimaliziwa ufukoni, na miongoni mwa waliotajwa kupanda alikuwamo Aires Gandra, mpiga kalafati, mzibaji wa nyufa za vyombo kwa lami, mchumba wa Grácia. Harusi ilikuwa iwe baada ya Pasaka.

Briolanja akamwalika karani wa mfalme aje saa ya chakula ajionee. Karani alikuja, mtu nadhifu mwenye soksi nyeupe, akaketi, akainua miguu.

"Wewe ndiye Lopo Tenreiro?"

"Ndimi."

"Umekufa?"

"Nilizama. Sikukuu ya Mtakatifu Lusia, kabla hatujala."

"Mashahidi?"

"Wako chini kulekule."

Karani alijikuna sikio kwa kalamu. "Marehemu hawezi kushuhudia kifo chake, maana hana kauli tena. Akiwa na kauli, basi yu hai, na nahodha aliye hai huripoti na merikebu yake. Iko wapi?"

"Imezama."

"Basi hujarudi."

"Bwana karani," alisema Briolanja, "si umemwona? Amekulowesha soksi!"

"Nimemwona, mama. Sijapewa ruhusa ya kumwona."

"Mtafuteni hapa basi!" alisema Grácia. "Ni hatua kumi na mbili tu kutoka barabarani!"

"Amri inasema kaskazini, binti."

Wakati huo Lopo alikuwa akichora mezani kwa kidole chenye maji: pwani, ghuba mbili, rasi ndefu kama kiwiko. Mbele ya rasi aliweka chembe ya mkate. "Hapa pana mwamba," alisema. Karani alitoa karatasi, na kabla ya kunakili akaipangusa ile chembe, kwa kuwa hakupenda uchafu.

"Amesema mwamba!" Briolanja alipiga meza kwa mwiko.

"Nani amesema?" aliuliza karani kwa upole, huku akiandika pembeni: ramani imeokotwa mezani, mchoraji hajulikani.

Merikebu iliondoka mwezi Machi. Mji mzima ulikwenda gatini, na Lopo naye, kwa kuwa ilikuwa adhuhuri na nyumbani hakukuwa na mtu. Watu walimpisha ili wasilowe. Padre aliomba Lopo Tenreiro apatikane, kisha akawanyunyizia wote maji ya baraka, Lopo akiwamo.

"Baba mkwe!" Aires alipiga kelele kutoka juu. "Kuna baridi huko?"

"Vaa soksi mbili! Na kaa mbali na ile rasi!"

"Mwambie nahodha, Aires!" alisema Grácia.

"Nimemwambia! Anasema mwamba haumo kwenye ramani!"

Vuli ilipofika karani alipita nyumba kwa nyumba. Merikebu haikurudi, alisema. Hivyo iko safarini. Hivyo itajengwa nyingine ya kuitafuta. Grácia alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akakanda unga. Mkate ulipopoa alichomeka mshumaa, akaupeleka mtoni, akaketi juu ya jiwe kungoja. Maji yalijaa, naye hakunyanyuka.

Briolanja alikuja kumwita. "Yameanza kupwa, Grácia."

"Najua, mama." Akausukuma.

Siku ya arobaini Briolanja alichana gauni lake la ndani kuukuu akapata kitambaa cha nne. Akapakua bakuli nne. Kengele ilipolia waliingia wote wawili, Lopo mbele, Aires nyuma, lami ingali kuchani.

"Miguu juu ya kitambaa, Aires."

"Samahani, mama mkwe." Aliketi kando ya Grácia, naye akasogeza bakuli isiingie maji. "Ule mwamba uko palepale."

"Nilisema," alisema Lopo, akimega mkate.

Grácia aliinama akamkamua mchumba wake pindo la koti. Huko ufukoni nyundo zilikuwa zimeanza.