Kombora Lisilo na Matundu

Mstaafu wa kikosi cha mizinga alipoitwa na bintiye kwenye karakana ya vyuma chakavu, alikwenda akitamba. Jeshini alikuwa mkufunzi, na tangu astaafu hakupata wa kumsikiliza ila mkwewe, mkata vyuma, kijana mwenye adabu kupita kiasi. Alimfundisha sebuleni, shibe ikimtia maneno mdomoni, kwamba kombora la buluu ni la mazoezi, halina neno. Mdomo huponza kichwa, wasema watu. Wa huyu uliponza kichwa cha mwenziwe.

"Ndilo hili, baba," binti alisema. "La buluu kama ulivyosema, ila roho yangu haitulii."

Mzee akachutama, akalipapasa ubavuni kutafuta matundu. Kombora la kujifunzia kubeba na kupakia hutobolewa, ili kila mtu aone halina kitu ndani. Hili lilikuwa zima. Basi lilikuwa la mazoezi ya kufyatua. Makombora hayo nayo hupakwa buluu ileile, lakini tumboni hutiwa baruti ya kutoa moshi pale yanapoangukia. Habari za matundu hakuwahi kumwambia mkwewe. Siku ile alikimbilia kisa kingine cha kujisifu.

"Yalikuja mangapi?"

"Mawili. Lingine analikata huko nyuma."

Alitimua mbio na magoti yake mabovu. Mkwewe alikuwa ameinama, miwani ya kuchomelea usoni, moto wa gesi umeshakifanya chuma kuwa chekundu.

"Acha! Toka hapo!"

Katika mngurumo wa moto ule kijana hakuyapata maneno. Aliipata sauti tu, akajua ni ya nani. Wala hakuwahi, tangu aoe, kumwamkia baba mkwe akiwa amefunika uso. Akazima moto, akavua miwani, akainamisha kichwa palepale mbele ya kombora.

"Shikamoo, baba."

Likapasuka.

Hospitalini daktari hakuzunguka mbuyu. Mikono itapona, alisema, macho ndiyo basi. Angekuwa na miwani yake yangesalimika.

"Lakini akiwa kazini haivui hata kwa dawa!" binti alilia. "Baba, wewe ulikuwepo. Aliivua ya nini?"

Mzee alitafuta uongo, akaukosa.

"Kuniamkia mimi, mwanangu."