Chai ya Mshelisheli

Mwanahawa alianza kumshuku Olinda kwa sababu ya majani. Kila asubuhi, alipotoka kufagia uwanja wake pale Ziwani, alimkuta jirani huyo ameinama chini ya mshelisheli, anaokota majani yaliyoanguka. Hakuokota yote. Alichagua ya njano tu, yasiyo na doa, akayafuta kwa khanga na kuyatia kikapuni. Alipoulizwa ni ya nini, Olinda alisema ni ya kuwashia moto, akaondoka upesi. Nani ahangaike na majani yenye umande wakati makumbi ya nazi yamejaa kila uwanja?

Olinda alikuwa mjane wa Kimakonde aliyevuka Ruvuma mwaka sitini na tano, vita na Mreno vilipowaka kwao. Watu wa Ziwani walimpokea, wakampa kipande cha shamba la mihogo. Lakini mwaka huo wa sabini na mbili maneno yalikuwa mengi. Ilisemekana Mreno anatuma watu kutia sumu visimani, na balozi wa nyumba kumi, Bwana Saidi, alikuwa amewaagiza wananchi wawe macho.

Mwanahawa alikuwa na sababu yake zaidi ya hiyo. Mumewe, Mohamedi, alikuwa amekonda mpaka shati likamning'inia mabegani. Alikwenda haja ndogo kila mara, na pale alipokojoa sisimizi walijaa. Mguuni alikuwa na kidonda kisichofunga. Hospitali ya mjini walimwambia ana kisukari, wakampa vidonge. Mwanahawa alimwona akivimeza siku chache tu. Alipouliza, aliambiwa vimekwisha.

Kisha Mohamedi akazua mtindo wa kutoka jioni kunyoosha miguu. Alirudi kidonda kimepakwa kitu cheusi kinachonuka mafuta ya nazi. Siku moja Mwanahawa alimfuata kwa mbali. Alimkuta ameketi barazani kwa Olinda, ameshika kopo la bati anakunywa, na Olinda amepiga magoti anampaka mguu. Alirudi nyumbani akiwa na mawazo mawili, asijue lipi baya zaidi: ama mumewe amechukuliwa, ama analishwa kitu.

Kesho yake hakupika. Mohamedi alipoulizia uji, alijibiwa aende akaulize huko anakokunywa. Aliinamisha kichwa, akabeba jembe, akaenda shamba.

Saa nne asubuhi watu walimleta kutoka shamba wamembeba mikononi. Shati lilikuwa limelowa jasho, midomo inamtetemeka, naye akamwita mkewe kwa jina la marehemu mama yake. Mwanahawa alipiga yowe kwamba Olinda amemtilia sumu mumewe. Hakuna aliyemuuliza ana ushahidi gani. Watu walikwenda wakamtoa Olinda jikoni, Bwana Saidi akaichukua na sufuria yake yenye maji ya kahawia, na wote wakaandamana nyuma ya kitanda cha kamba mpaka zahanati.

Mganga wa zahanati, Emmanueli, alikuwa mtu wa Nanyamba, mwenye maneno machache. Hakuitazama sufuria. Alimshika mgonjwa mkono, akamsemesha, kisha akaomba sukari. Akaikoroga kwenye maji na kumnywesha kijiko kwa kijiko. Watu walinong'ona mlangoni: mwenye kisukari anapewaje sukari? Hata Bwana Saidi alianza kumtazama mganga kwa jicho la pembeni. Lakini haikupita nusu saa Mohamedi akaketi, akauliza watu wote hawa wamefuata nini.

Emmanueli alichukua mkojo wake, akaudondosha kwenye kichupa chenye maji ya buluu, akakishika juu ya moto. Akaeleza kwamba sukari ikizidi, maji hayo hugeuka mekundu kama tofali. Yalichemka, yakabaki buluu: sukari haikuwa imezidi.

Akamuuliza Mohamedi kama anameza vidonge. Mohamedi alimtazama mkewe kwanza, kisha akasema kweli. Vidonge alivificha shambani ndani ya kopo, akawa anavimeza huko huko, kwa kuwa hakutaka aonekane nyumbani mwake kama mgonjwa wa maisha. Chai ya majani ya mshelisheli alipewa na Olinda, ambaye mama yake aliwapa watu wenye maradhi hayo huko kwao. Kidonda alipakwa majivu ya majani ya mfenesi. Na yeye ndiye aliyemwapisha Olinda asimwambie mtu. Asubuhi hiyo alilifungua lile kopo la vidonge, akameza kimoja, akaanza kulima.

Bwana Saidi akataka kujua kama chai hiyo ni sumu.

"Sijui," Emmanueli alisema. "Hapa sina cha kuipimia. Huenda inashusha sukari, huenda ni maji ya majani tu. Ninachojua ni kwamba vidonge hivi havimezwi na mtu ambaye hajala, maana vitashusha sukari yake mpaka aanguke. Leo alikula nini?"

Mohamedi alisema hakuwa na njaa.

Basi kama si njaa, Bwana Saidi akasema, iliyobaki ni sufuria, na mwenye sufuria atafuatana naye mpaka polisi mjini. Olinda alijifunga khanga vizuri, akasimama. Hakumtazama yeyote.

Mwanahawa alisogea mbele. Kunyamaza kulikuwa rahisi.

"Alikuwa na njaa," akasema. "Aliniomba uji nikamnyima."

Bwana Saidi alirudisha sufuria kwa mwenyewe. Emmanueli alifunga majani machache ya mshelisheli kwenye gazeti ayapeleke Dar es Salaam yakachunguzwe, akamkataza Mohamedi ile chai mpaka jibu lije. Jibu halikuja. Kidonda kilifunga baada ya miezi mitatu. Mganga alisifu dawa yake ya kusafishia, Mohamedi akasifu mfenesi.

Lakini kabla ya hayo yote, siku ya tatu tu baada ya ile ya zahanati, Mwanahawa alikwenda kwa Olinda kuomba radhi. Alimkuta anamenya mihogo. Olinda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mumeo aliniapisha, nikanyamaza," akasema. "Wewe, Bi Mwanahawa, hukuapishwa na mtu. Ungeniuliza mara ya pili."

Mwanahawa aliona kisu kingine kwenye ungo, akakichukua, akaketi. Walimenya pamoja mpaka kikapu kikajaa.