Waya Niliyoipika

Gita ilikuwa shilingi arobaini, na mwenye duka aliniambia ananiwekea mpaka kesho saa sita mchana, dakika moja zaidi hapana. Keshokutwa ni harusi ya Kipkemei kule Gilgil, na nilikuwa nimeshatangazia dunia nzima kwamba ni mimi nitapiga. Sasa gita yenyewe sina!

Lakini waya nilikuwa nayo. Mzungu wetu wa Njoro alibadilisha stima ya shamba, mimi na Kogo, nyanya yangu, tukamvunjia banda la mashine ya zamani. Akatulipa na waya zote za ndani, pamoja na barua ili polisi wasitusumbue njiani. Ratili arobaini na sita za shaba! Kule Nakuru, Premji wa vyuma kuukuu ananunua ratili moja shilingi moja. Hesabu hiyo hata mimi niliyetoroka darasa la tatu naiweza.

Shida ni ule mpira juu ya waya. Kogo alikaa chini na kisu, akawa anaumenya kama viazi. Nikaona huyu atamaliza Krismasi. Nikachukua fungu langu, nikawasha moto. Moshi mweusi, mbwa wakahama, lakini dakika kumi kazi kwisha!

"Wee Kiprugut," Kogo akasema, "unapika shaba? Itaiva saa ngapi?"

Asubuhi, kule Nakuru, Premji akamwaga waya zote kwenye mzani mmoja. "Namba mbili. Senti sitini kwa ratili."

Nikauliza, "Kwa nini?"

"Imeungua. Angalia, nyeusi. Namba moja inang'aa, haijaona moto."

Kogo akapandisha mkono wa gauni. Waya ya shaba imezungushwa kutoka kifundo cha mkono mpaka kiwiko, ameivaa tangu aolewe. Akalaza mkono kando ya waya alizomenya.

"Hii niliitolea mbuzi mzima. Nionyeshe tofauti."

Premji akakwaruza waya kwa tupa. Akaangalia mkono. Akaangalia waya tena.

"Mama, mkono unauza?"

"Huu nakula nao ugali. Pima!"

Wapagazi wake wakacheka mpaka mmoja akaangusha redieta ya gari mguuni.

"Na za huyu kijana?" Premji akauliza.

"Za mpishi ni namba mbili. Hata mimi naona."

Safi ratili ishirini na sita, za moto ishirini. Shilingi thelathini na nane! Tukakimbia, mimi mbele, Kogo nyuma ameshika gauni, anacheka njia nzima.

"Zimepungua mbili," mwenye duka akasema, macho kwenye saa.

"Basi toa nyuzi mbili," Kogo akamjibu.

Yule mtu akatutazama, akatazama gita, akazitoa.

Huko nje Kogo akafungua fundo la leso. Ndani kuna waya nyembamba ya shaba, ile aliyoimenya kwanza; tukaifunga mahali pa nyuzi zilizotolewa.

Harusini gita ililia kama mbuzi aliyefungiwa chooni. Kipkemei akacheza mpaka kiatu kikaruka kwenye sufuria ya mchuzi. Na kila waya ya shaba ikikatika, Kogo anapiga kelele kutoka nyuma:

"Hiyo ilikuwa ya mpishi!"