Uzi Umekatika

"Uzi umekatika!" Msusi alipiga kelele upande wa pili wa pazia.

Fundi aliondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani, akaacha kola ya shati jeupe ikining'inia kwenye sindano, akavuta pumzi ili aitike. Akawahiwa.

"Natunga!" iliitika sauti nyingine, nyembamba, yenye furaha.

Fundi akabaki nusu amesimama, nusu ameketi, mdomo wazi. Ukiibiwa kuku unajua pa kwenda kushtaki. Ukiibiwa neno, unamshtaki nani?

Na neno lile lilikuwa lake. Lilizaliwa kwenye cherehani hii hii, tangu tundu la sindano lilipoanza kuwa kama uvumi kwake, analisikia lipo lakini halioni. Kila uzi ulipokatika aliita, na Msusi, wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye walipanga pamoja chumba hiki kimoja, ushonaji huku na saluni kule, aliacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu akaja na vidole vyenye mafuta. "Natunga!" alisema angali njiani. Wateja walishazoea kuachwa na nywele mkononi.

Kisha likaja gemu. Lilikuwa la watoto wa Msusi. Watoto walipofeli hesabu, mama yao akalihamishia saluni iwe adhabu, na adhabu ikawaangukia watu wazima. Mchana, wateja wakipungua, mawifi wawili waliketi mbele ya televisheni wakawa askari wa anga, kwenye sayari yenye wadudu wakubwa kama mabasi. Bunduki kubwa kuliko zote ilitaka watu wawili. Mmoja anafyatua, mwenzake anasimama nyuma yake na mfuko wa risasi mgongoni, anamlisha. Msusi alifyatua, Fundi alilisha. Risasi zikiisha, Msusi hakusema risasi zimeisha. Alisema lile neno, na huku ndani ya gemu aliyeitika "Natunga!" alikuwa Fundi, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anamtungia mtu kitu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, wifi," Msusi alipenda kusema, naye chawa aliwajua vizuri.

Hayo yalikuwa kabla ya binti huyu mwenye sauti nyembamba kuja kukodi kona ya saluni na kuanza kupaka watu rangi za kucha. Wateja walimwita Mpaka Kucha. Fundi, moyoni mwake, aliondoa herufi moja tu, akabaki na Paka, na kucha zake akamwachia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji huyu hakupona. Paka alimwita Msusi "dada". Fundi, ambaye na Msusi walikuwa rika moja, alipewa "shikamoo, mama" kila asubuhi, na heshima ile ilimchoma kuliko tusi.

Alifungua pazia.

"Wifi! Wahi, leo tunamuua Malkia!" Msusi alisema bila kugeuka. Malkia wa wadudu alikuwa amewashinda tangu mvua zilipoanza.

"Mbona mmeshaanza?"

"Tulikuwa tunapasha misuli tu. Si ulikuwa na shati la mtu?"

"Na mfuko anao nani?"

"Ninao mimi, mama," alisema Paka. "Nikupe?"

"Nipe."

Paka akamwachia. Aliutoa upesi na kwa moyo mweupe, na Fundi akachukia hata huo weupe. Akaketi pembeni, kwa maana katikati palikuwa na mtu. Zamani kioo cha televisheni kiligawanyika kati, nusu yako, nusu yangu. Leo kiligawanyika vipande vinne kwa ajili ya watu watatu, na kipande cha nne kilibaki cheusi. Fundi aliishi kwa kukata vitambaa. Alipoona kile kipande cheusi alijua mkataji ameharibu.

Malkia alitoka shimoni akimwaga mate ya kijani. Msusi alipiga magoti, akafyatua. Fundi alimlisha, akamlisha tena, na kwa muda mfupi akasahau kwamba kuna mtu wa tatu. Mguu mmoja wa Malkia uling'oka, kisha wa pili.

"Anachechemea! Wifi, anachechemea!"

"Piga tumboni!"

"Uzi umekatika!"

"Natunga!" akaitika Paka, ambaye alikuwa kule mbali kilimani, mgongoni hana hata risasi moja.

Fundi alikuwa nyuma kabisa ya wifi yake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akakiacha hapo hapo, hakukibonyeza. Haya, alisema moyoni, aliyeitika na atunge.

"Uzi, wifi! Uzi!"

"Natunga! Natunga!" Paka aliendelea kuitika, akishuka mbio mikono mitupu.

Malkia aliinama. Kipande cha Msusi kikawa chekundu, kikafuatia cha Paka, mwisho cha Fundi. Chombo cha kuwachukua kilitua, kikasubiri kidogo, kikapaa bila mtu.

Msusi aliweka rimoti mapajani. "Risasi zilikuwa zimeisha mfukoni?"

"Hazikuisha."

"Sasa?"

"Si ameitika mwenzako."

Paka aliwatazama kwa zamu. "Mimi? Mimi sikuwa na mfuko, mama. Tangu nije nasikia, mmoja akisema vile, mwingine anajibu vile. Nikajua ndiyo mnavyoitikiana hapa. Kama mtu akipiga chafya."

Siku nyingine Fundi angecheka hadi machozi. Msusi hakucheka. Alimtazama wifi yake kama mtu aliyekuta chawa kwenye kichwa alichokisuka mwenyewe.

"Ulikuwa nyuma yangu," akasema. "Ukaniona."

"Ni gemu tu, wifi."

"Ndiyo. Ni gemu tu."

Mlango ulifunguliwa, mteja akaingia akiwa ameshavua kilemba. Msusi alichukua kitana. Fundi akarudi kwake na kuvuta pazia, ambalo alilishona mwenyewe, jembamba makusudi ili wasikilizane.

Alishona kola kwa hasira, na cherehani haipendi hasira. Uzi ukakatika.

Alilowesha ncha kwa mate, akalenga, akakosa. Akaigeuza cherehani ielekee dirishani, akalenga, akakosa tena. Kule saluni mazungumzo yalikuwa yamekoma. Msusi aliijua cherehani hii inanyamaza lini na kwa nini, na Fundi alijua kwamba anajua. Alitaka aje bila kuitwa. Hakuja.

"Uzi umekatika," Fundi alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeomba maji kwa jirani waliyegombana naye.

Ikaja sauti ya Msusi, taratibu, isiyoelekezwa kwake: "Nenda wewe. Mimi nina kichwa cha mtu."

Msusi hakuwahi kuwa na kichwa cha mtu kilichomzuia.

Paka aliingia amekunja vidole, kwa sababu kucha zake zilikuwa zimetoka kupakwa. Safari hii hakuitika. Alitunga kwa jaribio la kwanza, bila hata kukodoa macho, akasema, "Tayari, mama," akaondoka kwa kunyata.

Juu kidogo ya sindano, kwenye uzi mweupe, palikuwa na alama ya rangi nyekundu, mbichi, ndogo kama kichwa cha pini. Kola ilikuwa nyeupe na ya mtu. Fundi akachukua mkasi, akaufungua, akaupitisha kwenye uzi pale palipo na wekundu.

Akikata, itabidi aite tena.

Upande wa pili gemu liliwashwa. Fundi aliinamisha sikio kwenye pazia asikie nani ataita na nani ataitika, mkasi mkononi, mdomo wa mkasi ukiwa wazi.